Mtoto Anayechora Hachezi

Tuseme leo baada ya chakula cha mchana kijana wako anakujia na kukwambia kwamba shuleni angependa kusoma sanaa. Utamjibu nini? Wazazi wengi wa Likoni, Kisauni na Changamwe hulijibu ombi hili kwa swali: "Sanaa italisha nani?" Kisha kijana huambiwa ashike hesabu na sayansi, michoro aiache kwa watoto wa chekechea.

Mzazi wa aina hii si mbaya. Karo anailipa kwa jasho, na anataka ijulikane mapema itazaa nini. Ana haki ya kuuliza. Lakini swali lake lina jibu, na jibu lenyewe limetapakaa barabarani, sokoni na hata ndani ya nyumba yake.

CHUPA HUSEMA

Usanifu wa michoro, kwa maneno mepesi, ni ufundi wa kupeleka ujumbe kwa njia ya macho. Herufi, rangi, umbo na hata nafasi iliyoachwa tupu huanza kusema kabla mtu hajasoma neno lolote.

Ukitaka ushahidi, fikiria mafuta ya taa. Kuna watoto wadogo wanaokimbizwa hospitalini kwa sababu wamekunywa mafuta ya taa yaliyotiwa katika chupa ya soda. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma, lakini chupa ile anaijua vyema. Umbo lake limemwambia "soda", naye ameamini. Hata ukiandika "hatari" kwa herufi kubwa, kwake ni mikwaruzo tu. Chombo kimesema uongo, na uongo huo unaweza kuua.

Sasa tazama upande wa pili. Muuguzi humpa bibi kizee bahasha ya vidonge, na juu yake huchora jua linalochomoza, jua la utosini na mwezi. Bibi hakwenda shule, lakini anafahamu kwamba dawa ni asubuhi, mchana na usiku. Michoro mitatu midogo imefanya kazi ambayo maneno ishirini yasingeweza. Je, bado utasema kuchora ni mchezo?

LESO NI DARASA

Watu wa pwani hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Fungua kabati la mama utoe leso. Leso moja, yenye kiasi cha sentimita 150 kwa 110, ina sehemu tatu: pindo linaloizunguka pande zote, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maneno yanayoandikwa chini kidogo ya katikati. Pindo huliambia jicho mpaka uko wapi. Mji hubeba picha kuu. Jina hutoa kauli, iwe ni shukrani, dua au kijembe kwa jirani.

Mwalimu wa sanaa akitaka kufundisha ulinganifu, urudiaji wa umbo na namna ya kuliongoza jicho kutoka kitu kikuu hadi kidogo, leso inamtosha kwa muhula mzima. Neno lenyewe lina historia, kwani lilitokana na neno la Kireno la kitambaa cha mkononi. Inasimuliwa kwamba wanawake wa pwani walinunua vitambaa hivyo vikiwa havijakatwa na kuunganisha sita kuwa vazi moja. Kampuni ya Kaderdina Hajee Essak ya hapa Mombasa, inayojulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla", ilianza biashara mwaka 1887. Zaidi ya karne nzima michoro na maneno mafupi yamelisha familia za wachoraji, wachapaji na wenye maduka.

Nayo leso haiko peke yake. Changamwe kuna chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba kilichoanzishwa mwaka 1963. Bombolulu, upande wa Kisauni, kuna karakana za watu wenye ulemavu zilizoanza mwaka 1969, ambako mapambo na vitambaa hutengenezwa na kuuzwa kwa watalii. Aliyeuliza sanaa italisha nani anaweza kuanza kwa kupita huko.

SEKUNDE TATU BARABARANI

Ewe mwanafunzi, nawe sikiliza. Mafundi wa vibao wana kanuni yao ya zamani: kila inchi moja ya urefu wa herufi husomeka vizuri kwa umbali wa futi 10. Ukitaka mtu aliye futi 100 akisome kibao chako, herufi ziwe na inchi 10.

Sasa mpakie mtu huyo ndani ya matatu inayokwenda kilomita 40 kwa saa kuelekea Magongo. Kwa mwendo huo gari hukata karibu futi 36 kila sekunde. Kwa hivyo, tangu kibao kianze kusomeka hadi gari likipite, abiria ana chini ya sekunde tatu. Atasoma maneno mangapi? Pengine matano au sita. Mwenye duka anayetaka kibao chake kiorodheshe saruji, misumari, rangi, mabati, kufuli na nambari tatu za simu anatupa pesa zake. Fundi aliyesomea kazi atamshauri achague neno moja kubwa. Hesabu uliyodhani umeiacha nyuma imekufuata hadi kwenye brashi.

Matatu zenyewe ni somo. Februari 2004 serikali ilipoanza kutekeleza kanuni mpya za magari ya abiria, michoro ilifutwa na kila matatu ikatakiwa kuwa na mstari wa manjano wenye upana wa sentimita 15. Mnamo 2014 msimamo ule ulilegezwa na wachoraji wakarudi kazini. Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Mstari ulimsaidia abiria kutambua upesi gari la abiria ni lipi. Michoro nayo ilimvuta kijana apande hili na aliache lile. Kila kimoja kilikuwa na kazi yake, na msanifu mzuri huuliza kwanza: kazi ni ipi?

KUBONYEZA SI KUSANIFU

Katika mfumo wa 8-4-4, mtihani wa KCSE ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989, na Sanaa na Usanifu likawa miongoni mwa masomo ya kuchagua. Ndani yake mna uchoraji, uchapaji, ufinyanzi, ususi, mapambo ya vitambaa na usanifu wa michoro, ambapo mwanafunzi hujifunza kuunda herufi, bango, jalada la kitabu na pakiti ya bidhaa.

Mwaka huohuo wa 1989 ndipo programu ya CorelDRAW ilipotolewa, na Photoshop ikafuata mwaka 1990. Polepole kompyuta na mashine za kuchapa mabango ya plastiki zikachukua sehemu kubwa ya kazi ya waandika vibao kwa brashi. Ndiyo maana vijana wengi siku hizi hudhani kwamba kujua programu ndiko kujua kazi.

Tahadhari hapo! Vitufe vya programu mtu anaweza kujifunza kwa majuma machache, na mwenzake akajifunza vilevile juma linalofuata. Usipokuwa na kingine cha kuuza, mtabaki kushindana kwa bei hadi mle hasara. Kinachobaki na thamani ni maarifa yaliyo nyuma ya vitufe. Chukua rangi, kwa mfano. Kioo cha kompyuta huchanganya mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu. Mashine ya kuchapa huchanganya wino wa samawati, majenta, manjano na mweusi. Buluu inayong'aa kwenye kioo huweza kutoka imefifia kwenye kadi ya harusi. Asiyejua hugombana na mteja siku ya kuchukua kadi. Anayejua humwonya mteja mapema na kumwonyesha sampuli.

NJIA MPYA, SWALI JIPYA

Kwa familia zenye watoto katika mtaala wa umilisi, uamuzi huu huja mapema. Katika sekondari ya juu, inayoanza Gredi ya 10, mwanafunzi hufuata mojawapo ya njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na sayansi ya michezo. Serikali ilikadiria kwamba katika kila wanafunzi 100, takriban 60 wangeingia njia ya kwanza, 25 ya pili na 15 ya tatu. Tena si kila shule hutoa njia zote tatu.

Basi mzazi, usingoje fomu za kuchagua shule zifike ndipo uanze kuulizia. Uliza shule ina mwalimu aliyesomea sanaa, au kipindi hupewa yeyote aliye na nafasi. Uliza kama kuna chumba cha kazi za mikono, na vifaa vinanunuliwa na nani. Uliza kama mtoto ataendelea na hesabu, maana msanifu asiyejua vipimo ni kama nahodha asiyejua nyota. Na ujue kwamba njia haifi sekondari: Chuo Kikuu cha Kenyatta hufundisha sanaa, na Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha usanifu.

KAZI YA JUMA HILI

Mwanafunzi, usingoje kununuliwa kompyuta. Penseli, rula na daftari vyatosha kuanzia. Chukua leso ya nyumbani uichore kwa kipimo cha moja kwa kumi: sentimita 15 kwa 11, yaingia katika ukurasa mmoja. Kisha tafuta kibao kimoja mtaani kwenu ambacho hakisomeki, ukichore upya. Wape watu watano wasiokijua wakitazame kwa sekunde tatu, halafu uwaulize wamesoma nini. Wakikosea, usiwalaumu, rekebisha mchoro. Ukipata kompyuta shuleni au maktabani, programu za Inkscape na GIMP hazilipishwi.

Nawe mzazi, mpe kazi ya kweli ndogo. Akuandikie bei za bidhaa za kibanda chako, au aandike alama ya chombo cha mafuta ya taa ambayo hata mdogo wake ataiogopa. Chombo chenyewe kiwe na mfuniko unaokaza, na kiwekwe juu asikofikia. Mtazame akifanya. Ukimwona anafuta mara nne ili ujumbe ueleweke, basi jua una fundi nyumbani, na fundi hulelewa. Wahenga walisema, mcheza kwao hutuzwa.