Kodi ya mauzo yawapangia wakusanyaji sarafu pa kununua

Na Mwandishi Wetu

MWAKA 1916, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imepamba moto, Wajerumani waliokuwa wakitawala sehemu hii ya Afrika Mashariki walipungukiwa na fedha. Wakachukua dhahabu ya Sekenke, Singida, wakapiga sarafu ya rupia 15 mjini Tabora. Upande mmoja waliweka tembo aliyeinua mkonga, nyuma yake mlima.

Zilipigwa zaidi ya 16,000 tu. Leo wakusanyaji wa sarafu, wakiwamo wa Marekani, hulipa maelfu ya dola kwa moja iliyo katika hali nzuri.

Lakini kabla ya kutoa fedha, Mmarekani hujiuliza swali lisilohusiana kabisa na tembo wala Tabora: je, nitatozwa kodi ya mauzo?

Kwetu bei ya dukani kwa kawaida huwa na kodi ndani yake. Marekani bei hutajwa bila kodi, kisha kodi huongezwa wakati wa kulipa. Serikali kuu haitozi kodi hiyo, bali kila jimbo hujipangia. California huanzia asilimia 7.25. Mjini Seattle, jimbo la Washington, ukijumlisha ya jimbo na ya mji inapita asilimia 10. Majimbo ya Oregon, Montana, Delaware, New Hampshire na Alaska hayana kodi ya mauzo ya jimbo.

Kodi isiyorudi

Anayenunua friji hafikirii sana siku ya kuliuza. Mkusanyaji wa sarafu huifikiria siku hiyo tangu anaponunua, kwa sababu sarafu kwake ni starehe na akiba kwa pamoja.

Tuseme amenunua sarafu ya dola 4,000 katika jimbo linalotoza asilimia 8. Atalipa dola 4,320. Kesho yake akipata shida na kuirudisha kwa muuzaji, naye akampa dola 3,400 ili abaki na faida, mkusanyaji atakuwa amepoteza dola 920. Kati ya hizo, dola 320 ni kodi ambayo hakuna atakayemrudishia.

Muuzaji mwenye kibali halipi kodi kwa bidhaa anayokwenda kuiuza tena. Mkusanyaji ndiye mlaji wa mwisho, na mzigo unamwishia yeye.

Maumivu ni makubwa zaidi kwa sarafu za dhahabu na fedha zinazouzwa karibu na bei ya madini yenyewe. Kama faida ya duka ni asilimia 4, kodi ya asilimia 8 ni mara mbili ya faida hiyo. Mnunuzi hutafuta mahali pengine.

Ya bei kubwa yawa nafuu

California inasamehe kodi kwa sarafu za wakusanyaji ikiwa manunuzi ya mara moja yanafikia dola 2,000. Kiwango hicho kilikuwa dola 1,500 hadi mwisho wa mwaka 2022.

Tazama matokeo yake. Sarafu ya dola 1,900, kwa kodi ya asilimia 7.25, inamgharimu mnunuzi dola 2,037.75. Ya dola 2,000 inamgharimu dola 2,000 kamili. Ya bei kubwa imekuwa nafuu kwa karibu dola 38!

Ndiyo maana mnunuzi mwenye hesabu hukusanya mahitaji yake ya miezi kadhaa akayanunua siku moja. Anayeumia ni kijana anayeanza, mwenye dola 200 mfukoni.

Mnadani nako, kodi huamua nani arudi na sarafu. Tuseme wanunuzi wawili wana dola 5,000 kila mmoja, na mnada unatoza ada ya asilimia 20 juu ya bei iliyofikiwa. Asiye na kodi anaweza kupandisha hadi dola 4,166. Mwenzake wa jimbo la asilimia 8 hukwama dola 3,858, kwa kuwa kodi huhesabiwa pamoja na ada. Wote wanaitamani sarafu sawa, ila mmoja amezidiwa na anwani yake.

Mlango wafungwa

Zamani ujanja ulikuwa kuagiza kutoka jimbo la mbali. Uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 1992 ulizuia jimbo kumlazimisha muuzaji asiye na duka wala wakala ndani yake akusanye kodi. Kisheria mnunuzi alipaswa kuitangaza na kuilipa mwenyewe, lakini wengi hawakufanya hivyo.

Tarehe 21 Juni 2018, katika kesi ya South Dakota dhidi ya kampuni ya Wayfair, mahakama hiyo ilibadili msimamo kwa kura tano dhidi ya nne. Tangu hapo muuzaji wa mbali anayefikisha kiwango fulani cha mauzo katika jimbo hulazimika kukusanya kodi yake.

Ujanja ulipokwisha, msamaha wa jimbo ukawa ndio wa kugombaniwa. Texas ilikwisha kuondoa kodi kwenye sarafu zote mwaka 2013. Ohio iliurudisha mzigo huo mwaka 2019, kisha ikauondoa tena mwaka 2021. Washington nayo imefuta msamaha kuanzia 1 Januari 2026, ingawa jirani yake Oregon hatozi kitu.

Wanaotaka kodi husema sarafu ni bidhaa kama nyingine na jimbo linahitaji mapato. Wafanyabiashara hujibu kwamba kodi hufukuza wateja na maonyesho, ambayo hujaza hoteli na mikahawa. Illinois, inayosamehe hata sarafu za serikali za kigeni, imepokea mara kadhaa maonyesho makubwa ya chama cha wakusanyaji wa Marekani, mjini Rosemont.

Kwa msomaji mwenye sarafu ya kale sandukuni, somo liko wazi. Mteja wa ng'ambo anapotaja bei, huwa amekwisha kutoa kodi, ada na usafirishaji kwenye uwezo wake. Muulize yuko jimbo gani na gharama zake ni zipi kabla hujakubali au kukataa. Mali bila daftari huisha bila habari.