Kumvika Mgombea Kanzu ya Mwingine

Akutukanaye hakuchagulii tusi, walinena wahenga. Katika matangazo ya kampeni, hata hivyo, tusi huchaguliwa, tena kwa makini mno. Watangazaji huchunguza kwanza ni sera ipi inayowachukiza wananchi, kisha humvika mpinzani sera hiyo kama kanzu, awe ameishona mwenyewe au la. Mpiga kura hubaki kuitazama kanzu, akasahau kuuliza fundi ni nani.

Tuanzie Uingereza. Mnamo Januari 1992, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, chama cha Conservative kilibandika mabango yenye picha ya bomu. Yalidai kuwa Labour ikishika serikali, mlipa kodi angetozwa pauni 1,250 zaidi kwa mwaka. Hesabu hiyo haikutoka kwa Labour. Mahasimu wao ndio waliozikusanya ahadi za chama hicho, wakazikadiria gharama wenyewe na kuigeuza jumla kuwa mzigo wa kila mwananchi. Ni kweli kwamba Labour ilikusudia kuwatoza zaidi wenye mishahara minono, lakini kutoka hapo hadi kwenye bomu la kila nyumba ni mwendo mrefu. Aprili mwaka huo John Major alishinda. Machi 1993, serikali yake ikatangaza kodi mpya juu ya umeme na gesi ya majumbani.

Sasa tuvuke bahari hadi Marekani. Mnamo 2023 shirika la Heritage Foundation lilichapisha kitabu cha kurasa zaidi ya 900, sehemu ya mpango ulioitwa Project 2025. Kilipendekeza, miongoni mwa mengine, kuvunjwa kwa Wizara ya Elimu ya taifa na kuondolewa kwa kinga ya ajira ya maelfu ya watumishi wa umma. Chama cha Democratic kilikigeuza kitabu hicho kuwa silaha dhidi ya Donald Trump, na katika kongamano lake la Chicago, Agosti 2024, nakala kubwa ajabu ilipandishwa jukwaani. Trump alisema hajui lolote kuhusu mpango huo. Hakika hakuuandika yeye. Lakini wengi wa waliouandika walikuwa wametumikia serikali yake ya awali. Alishinda Novemba 2024. Russell Vought, aliyeandika sura moja ya kitabu hicho, akakabidhiwa ofisi ya bajeti, na Machi 2025 Trump akatia sahihi amri ya kuanza kuifunga Wizara ya Elimu.

Je, visa hivi viwili vinatufunza nini? Katika kile cha kwanza, mshtaki ndiye aliyekuwa fundi wa kanzu. Katika cha pili, mafundi walitoka katika nyumba ya mshtakiwa. Hivyo basi, shutuma peke yake si ushahidi, na kukanusha peke yake si utetezi.

Wapo wanaosema matangazo ya namna hii yapigwe marufuku. La hasha! Mwananchi ana haki ya kujua mgombea anaandamana na nani. Linalofaa kupimwa ni kamba inayomfunga mgombea na sera. Nani aliiandika? Mgombea mwenyewe amesema nini, lini na mbele ya nani? Je, walioiandika ndio watakaoketi naye mezani akishinda?

Nasi tusijifanye watazamaji. Mwaka 2007, chama cha ODM kilipoahidi kugatua mamlaka, neno majimbo lilizagaa kote nchini. Mahasimu wake walilieleza kuwa ni mpango wa kuwatimua watu kutoka mashamba waliyoyanunua. Hofu hiyo haikuzuka hewani, kwani kuna wanasiasa waliolitumia neno hilo kwa maana hiyo hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hata hivyo, katika kelele zile swali lenyewe lilizama: ni mamlaka gani yangegawanywa, kwa fedha zipi na chini ya ulinzi gani wa mali na maisha ya raia? Tulilijibu miaka mitatu baadaye, katika Katiba ya 2010 iliyounda kaunti 47, baada ya damu kumwagika.

Mwalimu anayefundisha insha ya hoja ana kazi hapa. Na alete darasani tangazo moja la kampeni, awaulize wanafunzi yale maswali matatu, kisha alete la upande wa pili na kuyauliza tena. Atakayeona ugumu wa kuyauliza kwa upande anaoupenda atakuwa amejifunza somo kubwa kuliko lililo kwenye silabasi. Wengi wa vijana hao watapiga kura kabla wino wa vyeti vyao haujakauka.