Mwembe na Tuhuma ya Chafya

Kila mwaka, miembe ya Kasingirima hapa Ujiji inapochanua na harufu yake kuenea vibarazani tangu alfajiri, husikika pamoja nayo sauti nyingine isiyopendeza, nayo ni ya chafya. Na kwa kuwa binadamu akiona mambo mawili yameandamana huamini upesi kuwa moja limezaa jingine, mwembe hutiwa hatiani bila kupewa nafasi ya kujitetea. "Mwanangu, ukateni mti huu, utaniua," aliniambia bibi mmoja wa mtaani, pua imemwiva na machozi yanamlengalenga. Nikamjibu, "Bibi, tungoje kwanza shahidi."

Adha hiyo ndiyo iitwayo mzio, yaani mwili kuingia vitani dhidi ya mgeni asiye na silaha; na mgeni huyo aghalabu ni chavua, ule unga wa kiume wa maua. Walakini chavua si za namna moja. Zipo nzito zenye kunata, zinazohitaji mdudu wa kuzichukua, nazo ndizo za mwembe: simama chini yake jua linapopanda, utaona nzi na nyuki wasio na hesabu wakiitumikia kazi hiyo. Mchikichi, fahari ya Kigoma, nao hutegemea sana wadudu. Sitasema kwamba miti hii haina hatia kabisa, maana mwenye kulala chini ya maua huenda akadhurika. Lakini mtuhumiwa mkubwa ni yule asiyetazamwa na mtu. Nyasi hazina ua la kupendeza, hazina harufu wala asali, kwa kuwa hazina mdudu wa kumbembeleza; posa yao huipeleka kwa upepo, na kwa kuwa upepo hauchagui mlango, hulazimika kutoa chavua nyingi mno. Ukitaka ushahidi, chuma shuke la nyasi lililochanua, likung'ute juu ya kitambaa cheusi, utaona vumbi hafifu la manjano, ambalo upana wa punje yake moja ni kama sehemu 30 katika 1,000 za milimita.

Aliyelithibitisha jambo hili ni tabibu wa Manchester, Charles Blackley, ambaye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa mzio huo. Aliweka hewani vioo vilivyopakwa kitu cha kunata, akahesabu punje kwa hadubini, kisha akarusha vioo vingine juu kwa tiara, akazikuta punje huko pia. Kitabu chake kilitoka mwaka 1873, miaka miwili tu baada ya Stanley kumkuta Livingstone hapa Ujiji. Mwaka 1952 Mwingereza mwingine, Jim Hirst, alitengeneza chombo kinachovuta hewa lita 10 kwa dakika, takriban kama pumzi ya mtu, na kuimwaga juu ya kioo chenye kunata kinachosogea milimita 2 kila saa, hata mhesabuji akaweza kusema si siku tu, bali saa ambayo chavua ilizidi. Hesabu hutolewa kwa punje katika kila mita moja ya ujazo wa hewa, na katika nchi nyingi husomwa pamoja na habari za mvua. Afrika Kusini nayo ina vituo vya namna hiyo katika miji kadhaa.

Kwetu habari hiyo haisomwi redioni. Zipo programu za simu zinazotoa tarakimu za chavua kwa miji mingi ulimwenguni, lakini yafaa kuuliza tarakimu hizo zimepimwa wapi, maana kukisia si kuhesabu, na chombo kilicho mbali hakizijui nyasi za uani kwako. Ajabu ni kwamba Ziwa Tanganyika lenyewe ni mhesabuji wa kale: katika kina chake kisicho na hewa safi, tope limehifadhi chavua za maelfu ya miaka, na wataalamu kama Annie Vincens wa Ufaransa wamezisoma wakajua misitu na mbuga zilivyobadilika.

Nilichompa bibi ni daftari. Kila jioni mjukuu wake huandika tarehe, chafya zilikuja saa ngapi, mvua, upepo, nyasi zipi zimechanua, nani amechoma shamba, na kama milima ya Kongo imeonekana ng'ambo au imefunikwa na ukungu wa moshi. Maua ya mwembe huja kiangazi, wakati uleule wa vumbi na moshi vyenye kuchokoza pua. Nyasi huchanua kwa wingi masika yanapoelekea mwisho. Mwenye kupiga chafya mwezi wa Aprili hana haki ya kuushitaki mwembe, na mwenye kupiga chafya Julai na aanze kwanza kulichunguza jiko na jalala lake.

Mgonjwa akishamjua adui wake, nyasi zifyekwe kabla hazijachanua, wala asizifyeke yeye mwenyewe. Dawa za mzio zipo, ila baadhi husinzisha, na mvuvi anayekwenda kuvua dagaa usiku asizinywe kabla ya kumwuliza mfamasia. Naye anayebanwa kifua au kutoa mluzi anapopumua aende hospitali, asingoje daftari lijae.

Nanyi walimu wa sayansi wa Ujiji, mkiwa na hadubini kabatini, pakeni kioo mafuta ya mgando, kiwekeni juu ya paa kuanzia Machi, mhesabu pamoja na wanafunzi. Bibi anawangoja, na mwembe wake bado haujakatwa.