Kumlinda Mtoto Mtandaoni: Cha Kulipia na Cha Kuacha

Mzazi wa Kalimoni anayepanda matatu ya Nairobi alfajiri na kurudi giza likishaingia humwacha mtoto na simu kwa saa nyingi. Shule zikifungwa, saa hizo huongezeka. Ukitafuta programu za kumchunga mtoto utakuta kampuni nyingi zinazotaka dola zako. Ushauri wangu ni huu: anza na zana za bure. Kwa nyumba nyingi za Juja, Ruiru na Thika zinatosha, mradi uziweke vizuri.

Hatari ipo, tena hapa nchini. Machi 2025, BBC iliripoti kuhusu wasichana wa Kenya, wengine wa miaka 15, walioonekana katika matangazo ya ngono ya moja kwa moja kwenye TikTok. Watazamaji walilipa kwa zawadi za mtandaoni, na mapatano ya mambo mazito zaidi yakahamia programu nyingine za ujumbe. TikTok ilisema haivumilii unyonyaji.

Shika jambo moja katika habari hiyo. Mnyemeleaji huanzia hadharani, kisha humvuta mtoto faraghani. Kwa hiyo kila unachouziwa kipime kwa swali hili: mazungumzo yakihamia faraghani, kitu hiki kitaona nini?

Simu ya kabambe: karibu shilingi 1,500 hadi 2,500

Ikiwa unachotaka ni kujua mtoto amefika nyumbani ukiwa umekwama kwenye foleni ya Thika Road, kabambe inatosha. Betri hukaa siku kadhaa, ikianguka haivunjiki ovyo, na mafundi wake wako kila mtaa. Hakuna ada ya mwezi.

Angalia kabla ya kulipa: kabambe nyingi siku hizi zina Facebook na kivinjari cha intaneti. Mwambie muuzaji akuonyeshe menyu yote. Kumbuka pia kwamba kazi za shule za mtandaoni hazitafanyika humo, kwa hiyo mtoto ataazima simu yako. Akiazima, akae nayo sebuleni.

Udhibiti wa bure wa Android: shilingi 0

Google hutoa Family Link bila malipo, nayo hufanya kazi kwenye karibu kila simu ya Android inayouzwa madukani sasa, zikiwemo za bei nafuu. Simu zilizoanza kuunganishwa Athi River mwaka 2023 ziliingia sokoni kwa kuanzia shilingi 7,499. Wenye iPhone wana udhibiti wao wa bure ndani ya mipangilio.

Ukiwa na Family Link, programu mpya haiingii kwenye simu ya mtoto bila idhini yako. Unaweka saa za matumizi, unaifunga simu usiku, na unaona mahali ilipo ikiwa imewashwa na ina data.

Haisomi ujumbe wa WhatsApp wala wa programu nyingine. Nguvu yake iko mlangoni: programu ya mazungumzo usiyoiidhinisha haiingii, na mnyemeleaji anakosa chumba cha kumvutia mtoto.

Gharama yake ni muda wako. Akaunti ya mtoto iandikwe mwaka wake halisi wa kuzaliwa, maana umri wa uongo hufungua milango ya watu wazima. Kama simu imeshatumika, hifadhi picha, ifute yote, kisha uanze upya. Ukinunua ya mitumba, hakikisha akaunti ya mwenyewe wa kwanza imeondolewa kabla hujatoa pesa, la sivyo unaweza kukuta simu imefungwa. Fundi akitaka kukulipisha kwa kuweka Family Link, kataa. Maelekezo yamo ndani ya programu yenyewe.

Kichujio cha intaneti: shilingi 0, au bei ya ruta

Kwenye simu za Android 9 na kuendelea, ingia mipangilio ya mtandao, tafuta DNS ya faragha, uandike family.cloudflare-dns.com. Huduma hii ya bure, iliyoanza mwaka 2020, huzuia tovuti za ngono na zenye programu hasidi. Kwa waifai ya nyumbani, ruta hupewa namba 1.1.1.3 na 1.0.0.3, na kila kifaa cha hapo nyumbani kinachujwa.

Ruta nyingine zimefungwa na kampuni ya intaneti. Pigia huduma kwa wateja kabla hujashawishika kununua nyingine ya shilingi 3,000 hadi 6,000. Na usijiunge na intaneti ya kila mwezi kwa sababu ya kichujio tu, kwa kuwa mtoto akinunua bando au stima zikipotea, ruta hailindi chochote.

Kichujio hiki hakioni mazungumzo hata kidogo. Tena mtoto mjanja anaweza kukiondoa kwenye simu, au kukikwepa kwa programu ya VPN. Ndiyo sababu kinafaa zaidi kikiwa pamoja na Family Link, inayokupa nafasi ya kukataa VPN kabla haijaingia.

Programu za kulipia: kama dola 40 hadi 100 kwa mwaka

Hizi huahidi zaidi: ripoti za kina, na baadhi huchunguza ujumbe kutafuta maneno ya hatari. Piga hesabu kabla ya kuvutwa na ahadi. Ada ya dola 55, kwa kiwango cha shilingi 130, ni shilingi 7,150. Ikiongezwa VAT ya asilimia 16 inafika 8,294, kabla benki haijakata chake kwa kubadilisha fedha. Hiyo imepita bei ya simu yenyewe.

Kuna mitego mingine. Bei ya tangazo mara nyingi ni ya mwaka wa kwanza tu. Malipo hujirudia yenyewe usipoyasimamisha. Kifurushi cha chini huwa na kikomo cha vifaa. Na kwenye iPhone, mengi ya yaliyotangazwa hayawezekani.

Tumia siku za majaribio ya bure vizuri. Tuma kwenye simu ya mtoto ujumbe wa Kiswahili na wa Sheng unaofanana na wa mnyemeleaji, uone kama programu itakuonya. Isiposhtuka, umeokoa pesa. Lipia tu kama una dalili za kweli, kwa mfano mtu mzima amekwishaanza kumfuata mtoto, na kama imefaulu jaribio hilo.

Programu za ujasusi: usinunue

Zipo zinazojificha kabisa ndani ya simu na kukutumia kila kitu. Hulazimisha kulegeza ulinzi wa simu, na siri za mwanao huhifadhiwa na watu usiowajua. Mwaka 2024, taarifa za mamilioni ya wateja wa mojawapo zilivuja. Juu ya hayo, mtoto akigundua anapelelezwa, hatakuletea shida yake atakapotishwa.

Fanya hivi wikendi hii

Weka Family Link Jumamosi, kisha kichujio. Fungua TikTok ukiwa na mtoto, uunganishe akaunti yako na yake kupitia mpangilio wa familia, ambao nao ni bure. Usiku simu zote za watoto zilale chumbani kwako. Halafu mwambie waziwazi: mtu akikuomba picha, akikuahidi pesa au akikutisha, niambie, sitakunyang'anya simu wala kukupiga. Hakuna programu inayoona mazungumzo ya faraghani vizuri kuliko mtoto asiyeogopa kusema, hasa pale anayemsumbua ni mtu mnayemfahamu.

Ukikuta ujumbe mbaya, usiufute na usimjibu aliyeutuma. Usipeleke picha kwenye grupu la wazazi: Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inaharamisha kusambaza picha za ngono za watoto, na adhabu yake inaweza kufika miaka 25 jela au faini ya shilingi milioni 20. Piga 116, namba ya bure ya Childline Kenya, au 0800 722 203 ya idara ya upelelezi wa jinai, DCI, nayo ni bure. Ziandike zote mbili kwenye simu ya mtoto siku hiyohiyo unapomkabidhi.