Ngoma za Bujora na Watoto Wetu

Wengi wetu akina mama wa Bariadi tulikua tukisikia kwamba ngoma ni upagani. Kwa hiyo tulipopanga kuwapeleka watoto Bujora, kwenye Makumbusho ya Wasukuma, baadhi yetu walisita. Tulipita Lamadi na Magu hadi Kisesa, jirani na Mwanza.

Kumbe aliyeyaanzisha ni padre! David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliianza kazi hiyo miaka ya 1950. Kila mwaka, wakati wa Sikukuu ya Ekaristi, mwezi Juni, huwa na Bulabo: Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Wengine hucheza na nyoka. Sisi wauguzi tulisimama mbali.

Tusifiche, wachezaji wa zamani waliwaendea waganga kutafuta dawa ya kuvuta watu. Hilo tuliwaeleza watoto waziwazi. Ni heri walisikie kwetu.

Ndani, mtoto mmoja alionyesha kibuyu akauliza, "Mama, kwa Kisukuma kinaitwaje?" Mama yake alinyamaza. Bibi ndiye aliyejibu, na mama akarudia jina lile pamoja na mwanawe.