Mabomba Mawili Chini ya Theluji

Katika majimbo ya kaskazini ya Marekani, kama vile Minnesota, Wisconsin na Maine, si ajabu kuona nyuma ya nyumba ya shamba kibanda cha bati chenye dohani, ambacho mgeni angekidhania banda la kuku, kumbe ndani yake mna tanuri la kuni lililozungukwa na maji. Na maji hayo yakishapata moto husukumwa na pampu chini ya ardhi mpaka nyumbani, yakaacha joto lake humo, kisha yakarejea kupashwa tena.

Aghalabu mwenye kununua boila ya namna hii huanza kwa kuuliza ukubwa wa tanuri, na shauri la mabomba akaliahirisha mpaka siku ya kuchimba. Kwa rai yangu hiyo ni tadbiri iliyopinduliwa. Hesabu haina budi kuanzia nyumbani: katika usiku wa baridi kali kabisa, nyumba hii hupoteza joto kiasi gani? Maji yapitayo kwa kadiri ya lita 38 kwa dakika, yakipoa nyuzi 11 za Sentigredi, huacha nyumbani joto la kilowati 29 hivi, na kazi hiyo bomba la inchi moja laiweza, maadamu masafa si marefu. Lakini mita 30 kutoka kibandani ni mita 60 za bomba, kwa kuwa maji huenda na kurudi. Na ukitaka kuyapitisha maradufu katika bomba lile lile, ukinzani wake hukaribia kuongezeka mara nne. Hapo bomba pana zaidi lina nafuu kuliko pampu kubwa ilayo umeme mchana na usiku.

Jambo linalowatia watu hasarani zaidi ni kile kinachoyafunika mabomba hayo. Wako wanaoyaviringishia sifongo nyepesi wakayalaza ndani ya mfereji wa plastiki, wakasema yametosha. Mvua ikanyesha, maji ya ardhini yakapenya, na tangu siku hiyo wanapasha udongo. Huko ni kuteka maji kwa pakacha. Dalili yake ni dhahiri hata kwa jirani: ua wote umefunikwa na theluji, ila mstari mmoja wa majani mabichi kutoka kibandani hadi ukutani. Afadhali kununua mabomba yaliyokwisha kuzungushiwa povu gumu ndani ya gamba lisilopitisha maji, ijapokuwa bei yake ni thakili, kwa sababu kuni utakazookoa ungezikata kwa mikono yako mwenyewe.

Nyumbani nako kuna hadhari yake. Boila nyingi za nje zi wazi kwa hewa, hazina shinikizo, ilhali mabomba ya joto ya ndani huwa yamefungwa na yana shinikizo. Ukiyaunganisha moja kwa moja, maji ya ndani yatafurika kupitia tundu la hewa la boila. Kwa hiyo baina yake huwekwa kibadilisha joto cha mabamba, ambamo maji haya na yale hupita ubavu kwa ubavu pasipo kukutana, na kabla yake chujio la kuzuia taka. Maji ya kuogea nayo yapitie vali ya kuyachanganya na maji ya baridi, yasije yakaunguza watoto.

Maji yanayorejea yasishuke chini ya nyuzi 60. Yakiwa baridi kuliko hapo, unyevu wa moshi hugeuka maji na kushika kwenye kuta za tanuri pamoja na lami ya kuni, na chuma kikaanza kuliwa na kutu. Vali ndogo yenye kufuata joto huchanganya maji ya moto na yale yanayorudi mpaka yafikie kiwango hicho. Pampu iwekwe chini, karibu na boila, ikiwa na vali ya kufungia kila upande, ili siku itakapokufa ibadilishwe bila kumwaga maji yote.

Msomaji mwenye nia ya kujenga mtambo huu namsihi jambo moja: handaki lisifukiwe hata kwa beleshi moja kabla mabomba hayajatiwa shinikizo yakalala nalo usiku kucha, na kipimo kikawa hakijashuka.