Maji ya paa lako yanaishia kwa nani?

Mvua kubwa ikinyesha usiku wewe hufanya nini? Wengi wetu tunavuta shuka, tunamshukuru Mungu na kuendelea kulala. Lakini nyumba ya chini yako kuna mama ameamka. Ameshika ufagio na ndoo, anatoa maji sebuleni. Maji hayo yametoka kwako.

Nazungumza na sisi tuliojenga kwenye miinuko ya Kimara, Goba na Mbezi. Tulimwaga kifusi tukainua kiwanja, tukazungusha ukuta, tukatandaza pevingi uwanja mzima. Zamani udongo ulikunywa maji; sasa yote yanateremka. Kisha tukatoboa tundu chini ya ukuta. Kwetu pakakauka, tukaona kazi imekwisha.

Hebu piga hesabu. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 50 linakusanya lita 5,000. Hizo ni ndoo 250 za lita 20. Je, ungethubutu kumwagia jirani ndoo 250 mlangoni pake mchana kweupe?

Katika Kutoka 22, aliyewasha moto ukaenea na kuteketeza nafaka ya mwenzake aliamriwa kulipa. Katika Kumbukumbu la Torati 22, anayejenga nyumba mpya anaagizwa aweke ukingo kwenye paa, mtu asije akaanguka. Mungu anafuatilia kilichotoka kwako mpaka kilipoishia. Usiseme, "Ni mvua ya Mungu." Mvua ni ya Mungu, tundu umelitoboa wewe.

Nasema haya nikijihukumu. Jirani yangu wa chini alipanga viroba vya mchanga misimu miwili ya masika bila kuninung'unikia, na kila Jumamosi tulisali jumuiya moja. Siku nilipokwenda kwake nikakuta rangi ya ukuta imebanduka hadi usawa wa magoti, nilishindwa kumwita dada katika Kristo. Niliomba radhi kwanza. Mtaro ulifuata baadaye, na gharama nikabeba mimi.

Basi usingoje masika ya Machi. Leo ukitoka ibadani, pita kwa jirani, mzunguke pamoja mpakani. Weka gata na tangi. Acha sehemu ya uwanja ibaki udongo na ukoka. Chimbeni mtaro unaofika kwenye mtaro wa mtaa, usiishie kwa mtu wa tatu.

Nawe uliye bondeni, usizibe njia ya maji kwa hasira, wala usikimbilie kwa mwenyekiti wa mtaa. Katika Mathayo 18 Yesu anakutuma kwanza kwa ndugu yako, ninyi wawili peke yenu. Huenda hajui. Mimi sikujua, kwa sababu sikuwahi kushuka kutazama.